Ndege ya bure, ya dola 15 au ya dola 40 na zaidi? Ulinganisho kwa anayetaka kurusha ndege za zamani kwenye simuleta

Juzi kijana mmoja wa kundi letu la simuleta aliniuliza, sauti ikiwa na hasira kidogo: "Kaka, simuleta yenyewe niliinunua dola 60. Sasa hawa jamaa wanataka karibu hizohizo kwa ndege moja tu ya mwaka 1946? Si wizi huo?" Alikuwa anaizungumzia DC-6 ya studio ya PMDG. Nikamwambia si wizi, ila pia halazimiki kuinunua. Hakuridhika, na alikuwa na haki yake, maana nilimjibu kwa mkato. Jibu refu ni hili.

Kipimo changu kitakuwa DC-3, ndege ya abiria ya injini mbili ya kampuni ya Douglas, kwa sababu ni ndege ya zamani unayoweza kuikuta karibu kila simuleta na karibu kila daraja la bei. Iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, miaka 32 kamili baada ya ndugu Wright kurusha ndege yao ya kwanza. Za kiraia zilitengenezwa 607 tu, lakini vita vilipoingia, C-47 na dada zake za kijeshi zikapita 10,000. Baada ya vita zikauzwa kama nguo za mitumba, kila shirika changa likajinunulia. East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Tanzania na Uganda, nayo ilizirusha. Kwa hiyo ukitafuta ndege ambayo babu wa Nairobi, wa Dar es Salaam na wa Kampala wote wanaweza kuwa waliipanda, ni hii.

Pesa inaishia wapi

Watu wengi hudhani ndege ya zamani ni kazi nyepesi kwa anayeiunda: haina skrini, haina kompyuta ya safari. Nusu ya dhana hiyo ni kweli. Kwenye Boeing 737 ya kisasa, mwandishi wa programu huzeekea kwenye kompyuta ya safari na kurasa zake. Kwenye DC-3 anaponea hapo.

Haponei kwenye injini. Pratt & Whitney R-1830 ina silinda 14 zilizopangwa duara kwa safu mbili, supachaja (pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi), kabureta inayojirekebisha kadiri ndege inavyopanda, oili inayotaka joto lake, na vibati nyuma ya kifuniko vya kupitisha hewa ya kupoza. Vyote hivyo vinagusana. Funga vibati mapema, vichwa vya silinda vinachemka. Fizikia ya injini za pistoni inayokuja na simuleta huwa inatosha kwa Cessna ndogo. Ukiibebesha injini ya duara yenye supachaja, inaanza kudanganya. Mwundaji anabaki na njia mbili: aukubali uongo huo na kuuza kwa bei ya chini, au aandike fizikia yake mwenyewe. Studio ya A2A Simulations imejipatia jina kwa njia ya pili. Mfumo wao wa Accu-Sim hupiga hesabu zake wenyewe badala ya kutegemea zile za simuleta.

Halafu kuna sauti. Huwezi kuitunga sauti ya injini ya duara ukiwa umekaa. Inabidi uifuate ndege iliko, ufunge vinasa sauti ndani na nje, na umwombe mwenyewe aiwashe, aipashe na kuirusha. Kwa DC-3 inawezekana, nyingi bado zinaruka. Kwa Boeing 377 Stratocruiser, ambayo zilitengenezwa 56 tu, hakuna hata moja nzima iliyobaki.

Vitabu vya urubani navyo vina hadithi yake. Vile vya C-47 vilichapwa na jeshi la Marekani, na kazi za serikali ya nchi hiyo hazina hakimiliki, kwa hiyo mtu anavipata bure na kuvitumia bila wasiwasi. Hii ni sababu mojawapo ya kwa nini ndege za kijeshi za Marekani za miaka ya 1940 zimejaa kwenye simuleta kuliko za kiraia za Ulaya za kipindi hichohicho.

Na jina? Douglas iliungana na McDonnell mwaka 1967, kisha McDonnell Douglas ikamezwa na Boeing mwaka 1997. Kiwanda kikifa, alama zake za biashara hazizikwi nacho. Mwaka 2012 Electronic Arts na Textron, wenye helikopta za Bell, walifikishana mahakamani Marekani kwa sababu ya helikopta tatu zilizoonekana kwenye mchezo wa Battlefield 3. Kampuni kubwa ina mawakili wa kubishana hivyo. Studio ya watu watatu haina, ndiyo maana unakuta ndege nyingine zinauzwa kwa jina la utani au kwa namba tu.

Sasa tupige hesabu. Hii ni ya mfano, namba ni zangu. Watu watatu: mmoja anachora umbo na chumba cha rubani, mmoja anaandika msimbo, mmoja anashughulikia sauti na mwenendo wa ndege angani. Jumla saa 4,000, kwa dola 15 kwa saa. Hapo ni dola 60,000. Weka 5,000 za safari, vifaa na karatasi za kisheria. Tuseme duka na kodi vinakula asilimia 30. Ndege ikiuzwa dola 40, mfukoni zinaingia 28, na ili kurudisha gharama tu inabidi ziuzwe nakala zaidi ya 2,300. Ikiuzwa dola 15, zinaingia 10 na nusu, na inabidi ziuzwe karibu 6,200. Wanunuzi wengi huja wiki za mwanzo, wanaobaki wanasubiri punguzo.

737 ina wateja wake tayari: kila anayenunua simuleta anaijua, ameipanda, anataka kuiongoza. DC-6 inawatafuta wake mmojammoja. Kwa hiyo bei unayoiona haipimi umri wa ndege wala ukubwa wake. Inapima saa za kazi zilizogawanywa kwa wachache tulio tayari kulipa. Ukishalielewa hilo, kuchagua kunakuwa rahisi, kwa sababu unajiuliza tu: ni saa zipi za kazi yao ninazotaka kuzilipia mimi? Za umbo, za sauti, au za injini?

Ya bure kabisa: FlightGear

FlightGear ni simuleta huria, ipo tangu 1997, na msimbo wake uko wazi kwa leseni ya GPL. DC-3 iko kwenye hazina yake, pamoja na mamia ya ndege nyingine. Hapa saa za kazi zimelipwa na mapenzi ya mtu, na mapenzi hayana ratiba. Ndege moja utaikuta imetengenezwa kwa uangalifu hadi swichi ya mwisho. Jirani yake haina hata milango. Uzuri wake ni kwamba hawafichi: orodha ya ndege huonyesha alama za kila moja kwa mwenendo wa kuruka, mifumo, chumba cha rubani na umbo la nje. Zisome kabla hujapakua.

Faida ambayo wengi hawaifikirii ni uhai. Mwundaji akichoka, mwingine anaruhusiwa kisheria kuendeleza pale alipoishia. Na laptopu ya kawaida, ile ya kazini, inaiendesha.

Macho yako yakishazoea picha za MSFS (Microsoft Flight Simulator), lakini, FlightGear itakuwa kama kuangalia mechi kwenye televisheni ya chogo.

Ya bure ndani ya ulichokwisha kulipia: MSFS

Microsoft wana historia ya kufungasha ndege za kale kama zawadi. Mwaka 2003 toleo lao la karne moja ya urukaji lilikuja na DC-3, Ford Tri-Motor, Vickers Vimy na nyingine. Novemba 2022, kwenye maadhimisho ya miaka 40, wakarudia kwa wenye MSFS 2020: Wright Flyer, Curtiss Jenny, Spirit of St. Louis, DC-3, Beaver, Grumman Goose na Hughes H-4, lile dege la mbao. Hukuongezewa hata senti.

Hapa uchumi unageuka kichwa chini. Studio iliyounda hulipwa na Microsoft, na Microsoft hula kwa kuuza simuleta nzima. Hakuna anayehitaji nakala 2,300 za H-4. Ndiyo maana inawezekana kuunda ndege iliyoruka mara moja tu maishani mwake, tarehe 2 Novemba 1947, kwa umbali wa kama maili moja. (Kwa mwundaji ni raha ya pekee: rubani gani atakuja kulalamika kwamba haipindi sawasawa?)

DC-3 hii ni nzuri kwa macho. Chumba cha rubani kimechakaa panapostahili kuchakaa, na kuna aina mbili, yenye vifaa vya zamani na yenye vya kisasa. Ila iliundwa ipendwe na kila mtu, pamoja na anayecheza kwenye Xbox akiwa amejilaza kwenye kochi. Injini zinasamehe sana. Kwa mtu anayetaka kuvuka Ziwa Victoria jua likizama na kupiga picha, sioni sababu ya kutoa hata shilingi nyingine.

Dola 15: daraja la kumbukumbu

Microsoft pia huuza ndege za kihistoria kwa bei ndogo. Ju 52, yenye injini tatu na mabati ya makunyanzi, ilitoka 2021 kwa dola 14.99, na nyingine zikafuata, hata Dornier Do X yenye injini 12. Studio ndogo nyingi nazo ziko kwenye bei hii au inayoikaribia.

Rudi kwenye hesabu yetu: kwa dola 15 huwezi kupata fizikia ya injini iliyoandikwa upya. Unapata umbo na hisia. Kwa ndege isiyo na mbadala, kama Do X, ni bei ya haki kabisa. Kwa DC-3, wakati iliyo bure ipo, mimi singeitoa.

X-Plane na njia ya katikati

X-Plane ya Laminar Research inakwenda kivyake. Badala ya kusoma majedwali, hukata bawa na rafadha vipande na kukokotoa nguvu ya hewa kwenye kila kipande. Mwundaji anayechora umbo kwa usahihi hupata sehemu ya mwenendo wa ndege kutoka kwa simuleta yenyewe. VSKYLABS wana DC-3 na C-47 zilizojengwa juu ya wazo hilo, na wanaziita mradi: unanunua mara moja, maboresho yanaendelea kuja.

Nimeweka njia hii katikati si kwa bei tu. Anayependa kuhisi ndege ya gurudumu la mkia ikitaka kumgeukia kwenye njia ya kurukia, hapa atafurahi. Anayetaka mandhari ya nyumbani, aone Kibo au Mlima Kenya ulivyo, MSFS itamvuta mkono.

Dola 40 na kwenda juu

Hapa ndipo kijana wangu alipokwama. DC-6 ya PMDG ilitoka kwa MSFS mwaka 2021. Ni hatua moja mbele ya DC-3: injini nne za R-2800 zenye silinda 18 kila moja, chumba cha abiria chenye shinikizo la hewa, na sindano ya maji kwenye injini wakati wa kupaa. Kwenye ndege halisi alikuwepo mhandisi wa safari akizilea injini hizo. PMDG wameweka msaidizi wa kuifanya kazi yake ukitaka. Ukimzima, utajua kwa nini yule bwana alikuwa analipwa mshahara.

A2A kwa upande wao wanakuuzia uchakavu. Comanche 250 yao, ndege ndogo ya Piper ya familia ya Comanche iliyotengenezwa hadi mafuriko ya 1972 yalipoharibu kiwanda, inakumbuka ulichoifanyia. Uliiwasha jana bila kuipasha oili? Leo imeandikwa mwilini. Unaizunguka kabla ya safari, unachungulia oili, unapima mafuta. Kuna watu watasema huo ni utumwa wa kujitakia. Mimi ndicho nilichokuwa nakitafuta miaka yote, kwa hiyo kwenye suala hili msinichukue kama shahidi huru.

Kwa jicho la haraka, njia zote zinakaa hivi:

| Njia | Unalipa | Nguvu yake | Udhaifu wake |
|---|---|---|---|
| FlightGear | Bure | Kompyuta ndogo inatosha. Haifi | Picha. Ubora unayumba |
| DC-3 ya MSFS | Imo kwenye simuleta | Macho, mandhari | Injini zinasamehe mno |
| Daraja la dola 15 | Kidogo | Ndege zisizopatikana kwingine | Fizikia ya kawaida |
| X-Plane na VSKYLABS | Katikati | Mwenendo wa ndege | Mandhari |
| PMDG, A2A | Dola 40 na zaidi | Injini, mifumo, uchakavu | Pesa, na muda wako |

Jaribio la Nanyuki

Usiniamini mimi, wala video za mtandaoni. Jaribu mwenyewe, na njia ninayoipendekeza ina historia yake. Tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth wa Uingereza, binti mfalme aliyekuwa amegeuka malkia akiwa Kenya bila kutarajia, alichukuliwa na DC-3 ya East African Airways kutoka Nanyuki hadi Entebbe, na huko ndege ya Argonaut ya BOAC, shirika la Uingereza, ikampeleka London. Ni safari ya maili za majini zisizofika 300, karibu sambamba na mstari wa ikweta, chini kidogo ya saa mbili kwa mwendo wa DC-3: Bonde la Ufa, kisha ziwa, kisha Entebbe.

Kinachoifanya iwe mtihani ni kimo. Nanyuki iko zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari. R-1830 ya DC-3 za baadaye ilitoa nguvu zake zote za farasi 1,200, kwa inchi 48 za zebaki kwenye geji ya shinikizo la manifoldi (la hewa inayoingia kwenye silinda), hadi karibu futi 4,900. Juu ya hapo supachaja inaishiwa pumzi.

Kwa hiyo anzia Dar es Salaam au Mombasa, usawa wa bahari. Sukuma wenzo wa nguvu polepole. Unapaswa kufika 48 kabla wenzo haujafika mwisho, na ukiendelea kusukuma unapaswa kupita 48 na kujiingiza matatani. Ndege ikikataa kupita 48 hata ukisukuma hadi mwisho, mtu amekufungia kizuizi ambacho ndege halisi haikuwa nacho. Kisha nenda Nanyuki, urudie. Wenzo hadi mwisho, na bado usifike 48. Ukifika, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Angalia na wenzo wa mchanganyiko wa mafuta. Kwenye DC-3 una nafasi zake maalumu, na kabureta hujirekebisha yenyewe kwa kimo. Kama Nanyuki inabidi uuvute kidogokidogo kama kwenye Cessna ili injini zisikohoe, ujue ndani ya kifuniko kile kuna injini ya Cessna iliyovishwa koti. Mwisho, magurudumu: rubani wa DC-3 alikuwa na komeo la usalama sakafuni la kufungua kabla ya kuugusa wenzo wa magurudumu. Kwenye nyingi za bei ndogo, unabonyeza kitufe kimoja yanapanda. Si dhambi, ila ujue ulichonunua.

Gharama ambazo haziko kwenye bei

Bando ndiyo ya kwanza. MSFS 2020 ilizidi gigabaiti 100 tangu siku ya kutoka. Toleo la kwenye sanduku Ulaya lilikuwa DVD kumi. MSFS 2024 ilipunguza mzigo wa kusakinisha kwa kuhamishia mengi kwenye intaneti, maana yake inanyonya data kila unaporuka. Kwa mwenye nyaya za faibaa nyumbani si tatizo. Kwa anayenunua bando la wiki, FlightGear na X-Plane zinapata alama ambazo hakuna mchambuzi wa Ulaya anayezihesabu.

Ya pili ni mlango unaonunulia. Ndege za dukani ndani ya MSFS huja zimefungwa, huwezi kuzifungua uchungulie au ubadilishe. Ukinunua moja kwa moja kwa mwundaji, kwa kawaida unapata mafaili yenyewe, unaweza kupaka rangi zako, na kwake mara nyingi kunabaki zaidi kuliko akikatwa na duka la mtu mwingine. Mwenye Xbox hana uchaguzi: ni duka la ndani tu, na programu za nje, kama zile zinazokokotoa fizikia pembeni, haziruhusiwi.

Ya tatu ni kifo. FSX, simuleta ya Microsoft ya kabla ya MSFS, ilitoka 2006, na mwaka 2009 Microsoft wakaifunga studio iliyoiunda. Waliokuwa wamenunua Stratocruiser ya A2A kwa FSX hawakuweza kuihamishia MSFS 2020. Mimi mwenyewe nilinunua ndege moja ya miaka ya 1950 kutoka studio ndogo, nisiyoitaja. Mwaka wa pili simuleta ikasasishwa, geji nusu zikazimika, barua pepe zangu hazikujibiwa. Sikuwakasirikia sana. Nilikuwa nimeshapiga ile hesabu ya nakala 2,300, nikajua hawakuzifikia. Tangu siku hiyo, kabla ya kulipa naangalia jambo moja: mara ya mwisho walitoa sasisho lini? Mwaka ukiwa umepita kimya, narudisha kadi mfukoni.

Kwa yule kijana, basi: ana kompyuta nzuri, anapenda picha, hajawahi kurusha injini ya duara. Nimemwambia akae na DC-3 ya bure ya MSFS miezi mitatu. Akianza kukereka kwamba injini hazimkaripii, hapo ndipo DC-6 itakuwa imemwiva. Dada yake mdogo, anayesoma uhandisi na kuchungulia kila kitu, nimempeleka FlightGear: afungue mafaili ya DC-3, aone jinsi ndege inavyoandikwa kwa maneno na namba. Bawa lake linaanza na umbo la NACA 2215 (NACA ilikuwa taasisi ya utafiti wa anga ya Marekani) penye mzizi na kuishia 2206 kwenye ncha, na ripoti za NACA za wakati ule ni za bure. Programu ya kuchorea umbo, Blender, nayo ni bure. Gharama yake itakuwa usingizi.

Na VC10 yetu?

Swali hili huja kila mara, hasa kutoka kwa wazee. Vickers waliibuni VC10 kwa ajili ya viwanja vya joto na vya juu kama Nairobi: injini nne za Rolls-Royce Conway mkiani, mabawa safi yasiyobeba chochote, ili ipae ikiwa imejaa pale ambapo nyingine zilihitaji njia ndefu zaidi. Zilitengenezwa 54 tu. East African Airways ilipata tano kuanzia 1966. Moja ilipotea Addis Ababa mwaka 1972, na shirika lenyewe likavunjika 1977. Nne zilizobaki zikaishia kwa jeshi la anga la Uingereza, zikageuzwa za kubeba mafuta na kuyagawa angani. VC10 ya mwisho kuruka duniani, tarehe 25 Septemba 2013, ilikuwa mojawapo ya hizo, iliyowahi kuandikishwa Tanzania kama 5H-MMT. Nyingine, 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, na iliwekwa Dunsfold, Uingereza.

Ukiipitisha kwenye hesabu yetu, kila mstari unapanda. Sauti ya injini nne za Conway zikipaa haiwezi kurekodiwa tena. Vitabu vyake si vya jeshi la Marekani. Mifumo yake inamtaka mhandisi wa safari mwenye ukuta mzima wa geji. Saa 4,000 hazitoshi, weka 8,000. Kwa dola 15 kwa saa hizo ni 120,000, ongeza 5,000 zilezile, na kwa dola 28 zinazobaki kwa kila nakala inabidi ziuzwe karibu 4,500. Waingereza wanaoipenda wapo, na ni wengi. Sisi wa 5H, 5Y na 5X, yaani Tanzania, Kenya na Uganda, tukijikusanya, tutaongeza ngapi?